Bwana Shamba wa Kariakoo

Kariakoo wananiita Bwana Shamba. Aliyeanza ni kaka yangu mkubwa, mwenye duka, siku niliyochelewa kufungua kwa sababu nilikuwa nawavalisha watoto sare za shule. Jina likashika. Wapo wateja wa mikoani wanaoamini kabisa kwamba mimi ni afisa kilimo niliyestaafu mapema nikaamua kuuza ndoo na mabeseni. Mmoja alinitolea jani la nyanya kutoka mfuko wa shati, limejikunja na kuwa la njano, akaniomba nimwambie lina ugonjwa gani. Nilimwambia apunguze maji. Sikumuuliza hata kama alikuwa anamwagilia.

Mimi sijashika jembe tangu nitoke kwetu Moshi. Mkulima ni mke wangu, na mimi ni bwana wake, basi. Miaka yote ya ndoa yetu alilima mchicha bonde la Jangwani, kwenye matuta aliyoachiwa na mama yake, mwanamke wa Kiluguru aliyetoka Morogoro na mbegu zake kwenye pindo la khanga. Ukisimama barabarani ungeona majani mabichi yamejipanga katikati ya jiji, na watu wameinama. Mmoja wa wale walioinama ndiye aliyekuwa wangu.

Watu wakisikia mkulima wanafikiria msimu, mavuno, halafu mapumziko. Mchicha hauna mapumziko. Unamwaga mbegu, wiki kama tatu unang'oa, unamwaga tena. Haujui Krismasi wala msiba. Wachuuzi hununua tuta zima likiwa bado limesimama na huja alfajiri kung'oa wenyewe, kwa hiyo mwenye tuta lazima awe amefika kabla yao. Mke wangu alitoka kabla hakujapambazuka, akarudi jua limekuwa kali, akaoga, akalala kidogo, na jioni akarudi tena kumwagilia. Mimi nikitoka dukani nimechoka hoi, yeye ndiyo kwanza ana keni mbili mikononi. Tulipishana mlangoni kama walinzi wanaobadilishana zamu.

Sikudanganywa, nilioa nikijua. Mara ya kwanza kumwona alikuja dukani kununua hizo keni za kumwagilia. Hakuuliza bei. Alizichukua mpaka kwenye bomba la jirani, akazijaza maji moja moja na kuzining'iniza juu ili aone zipi zinavuja. Zilizovuja alizirudisha, akaniangalia usoni kama mimi ndiye niliyezitoboa. Nilimpenda hapo hapo. Nilichokuwa sijui ni kwamba ukioa mkulima unaoa na matuta yake, na matuta ndiyo yanayokuwa na sauti nyumbani.

Tulipanga vyumba viwili Magomeni, kwenye nyumba ya Kiswahili yenye wapangaji wengi na ua mmoja. Viroba vya mbolea ya kuku vilikaa koridoni karibu na mlango wetu, na kila mpangaji aliyepita alishika pua kwa namna yake. Niliwasalimia wote kwa adabu iliyozidi kipimo. Tulipojaliwa mapacha, wasichana, mke wangu alimaliza arobaini, akamkabidhi dada yake watoto kwa muda, akavaa gambuti zake akaenda. Alisema matuta yameota magugu. Baadaye dada mtu aliolewa Tanga na watoto wakabaki kwangu. Nikajifunza kupika uji usio na madonge. Nikajifunza kukaa benchi la kliniki katikati ya akina mama wanaonitazama kwa huruma, wakidhani nimefiwa.

Ndugu zangu hawakuniacha nipumue. Kwetu mwanamume anafungua duka, anafunga duka, anakuta chakula mezani. "Sasa hapo nani kaoa, nani kaolewa?" aliniuliza kaka mbele ya wateja. Nilicheka nao. Kicheko kile kilinichosha kuliko kushusha mzigo wa mabeseni.

Mama yangu alikuwa akija kutoka Moshi hagusi mchicha wa bondeni. Alikuwa amesikia kuwa maji ya kule ni machafu. Mke wangu alimweleza taratibu kwamba anamwagilia kwa maji ya kisima alichochimba mwenyewe, mbali na mto.

"Nakuamini, mkwe wangu," mama alisema, "ila nimeshiba."

Alishiba hivyo mpaka siku ya kuondoka. Tulipokuwa wawili aliniambia, "Baba yako alihangaika na migomba ili ninyi mje mjini mpumzike. Wewe umelitafuta shamba mpaka ukalipata mjini." Niliona ana haki, na nilimwonea mke wangu uchungu kwa sababu niliona hivyo.

Masika ndiyo yaliyokuwa mabaya zaidi. Mawingu yakijikusanya, wenzangu Kariakoo wanahangaika kufunika bidhaa kwa maturubai, mimi nafikiria Jangwani. Bonde likijaa, barabara inafungwa, maji yanalala juu ya matuta, na yakikauka hakuna kitu, ni tope na mifuko ya plastiki ya watu wa juu. Mke wangu alikuwa anakaa kwenye kigoda uani, mikono mapajani. Halafu tope likianza kukanyagika anakwenda kuchora matuta upya pale pale. Sikumsikia akilalamika hata mara moja. Mimi ndiye niliyelalamika, kimoyomoyo, kwa niaba yake na kwa niaba yangu. Nililichukia lile bonde kama mtu anavyomchukia mume mwenza, kama kungekuwa na kitu hicho.

Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa alipopita kutangaza kwamba bonde litafungwa kwa sababu ya mafuriko, na wanaolima wamalize kung'oa kilichopo, nilifurahi. Sitaficha. Niliweka uso wa masikitiko, nikampa pole mke wangu, nikamsaidia kubeba majembe na keni mpaka nyumbani, na moyoni nilikuwa naimba. Kaka naye akaonyesha utu. Alisema, "Mlete shemeji dukani. Pale mbele tumpe chupa za chai na hotipoti, auze." Nilimshukuru mpaka akaona aibu.

Mke wangu alikubali bila neno. Siku ya kwanza alivaa gauni la kitenge alilovaa ubatizo wa watoto. Alikuwa amesugua visigino kwa jiwe, na bado zile nyufa nyembamba zilionekana nyeusi pembeni. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kati ya marundo ya hotipoti, mgongo umenyooka, akisubiri kitu cha kufanya. Duka halina cha kufanya mpaka mtu aje, na hilo halikumwingia akilini. Alipanga chupa, akazipangua, akazipanga tena.

Mteja akija alimwambia ukweli wote. "Hili beseni usichukue, likikaa juani mwezi mmoja linapasuka," nilimsikia akimwambia mama mmoja wa Mbagala. Kaka alikohoa kule nyuma. Mke wangu akaendelea, "Chukua lile la kule, kwa Bwana Shamba." Mama wa Mbagala akalichukua, na kesho yake akaleta wenzake. Kaka akaacha kukohoa.

Nyumbani sasa tulikula pamoja, sisi wanne, chakula kikiwa bado cha moto. Nilikuwa nimeomba jambo hilo kanisani kwa miaka. Mapacha walimshangaa mama yao mezani, wakawa wanamwambia habari za shule kwa zamu, kwa heshima, kama anayekuja kuwatembelea. Alfajiri alikuwa anaamka saa zake zile zile. Alikuwa hana pa kwenda, basi anafagia uani. Alifagia mpaka wapangaji wakalalamika kwa kelele za ufagio. Alikusanya ndoo zilizopasuka dukani, akazijaza udongo, akapanda giligilani na figiri kando ya ukuta. Mama mwenye nyumba akasema ndoo zinaleta mbu, ziondolewe. Alizibeba mwenyewe mpaka jalalani. Alirudi amenawa mikono, akaniuliza kama nimeshakunywa chai.

Jirani yetu dukani ni mama wa Kihindi anayeuza vitambaa. Zamani mke wangu alikuwa anampelekea majani ya uwatu kila wiki, mabichi, yamefungwa kwenye gazeti. Siku moja mama yule alisimama mbele ya hotipoti akamtazama kwa muda.

"Mama, uwatu yangu nani analeta sasa?" aliuliza.

"Sokoni upo, mama."

"Ya sokoni imelala. Mimi nataka ya kwako."

Mke wangu alicheka, akamkaribisha kiti. Aliyeongea mchana ule wote ni mimi. Yeye alikuwa anafuta chupa ambazo hazikuwa na vumbi.

Niliona. Sitaki mtu anidhanie kuwa sikuona. Niliona anavyokonda kwenye kivuli, yeye aliyestahimili jua miaka yote. Ila nilikuwa nimepata nilichokitaka, nilikuwa nimechoka, na nilitaka tu kukaa nacho kidogo.

Halafu Jumamosi moja jioni, watoto wakiwa uani wanafua soksi zao, aliniambia kwamba wenzake wa bondeni wamepata shamba la kukodi Mkuranga. Kuna kijito kisichokauka. Wanakwenda kundi la akina mama, kila mmoja na eneo lake, na nafasi yake ipo, ila wanataka jibu kesho.

"Ukisema nisiende, siendi," alisema. "Na sitakununia."

"Huko si mbali?"

"Sio sana. Shule ipo karibu, nimeuliza." Aliwachungulia watoto uani. "Na pale stendi hakuna hata mtu anayeuza ndoo. Watu wanazifuata huku mjini."

"Ndoo utachukua hapa dukani," nilimwambia. "Chukua zote unazotaka."

Aliniangalia, kisha akainuka kwenda kuanua nguo.

Usingizi ulikuwa mgumu. Kesho yake kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa napima. Nikisema asiende, nitakuwa na mke mezani, visigino laini na nyumba isiyonuka mbolea, na mtu anayefuta chupa mpaka azeeke. Akienda, nitabaki na uji wangu, sare, soksi, na kaka akiniuliza nani kaoa. Kazi hiyo nilikuwa naijua, nimeifanya miaka. Nilijiona mtu mwema sana pale kwenye benchi. Nilijiambia kwamba waume wengi wangekataa. Nilihisi machozi karibu, na sehemu kubwa ya machozi hayo, nikisema kweli, ilikuwa ya kujisifu.

Tuliporudi, watoto walitangulia ndani. Nilimshika mkono koridoni, mahali vilipokuwa vinakaa viroba.

"Nenda," nilimwambia. "Nimefikiria. Mimi nitabaki na watoto, tutamudu tu. Wewe nenda."

Nilisubiri afurahi. Hakufurahi. Alisimama ameshika mkoba wake wa kanisani kwa mikono yote miwili.

"Baba Mapacha," alisema, "jana nilikwambia shule ipo karibu."

"Nilisikia."

"Nikakwambia hakuna muuza ndoo."

Nilisikia maneno hayo upya, na safari hii yaliingia.

"Miaka yote hiyo niliamka nikakuacha umelala," alisema, sauti ya chini kwa sababu ya wapangaji. "Unafikiri mimi sikuchoka kutoka peke yangu? Nilikuwa nasubiri useme twende."

Nilimfikiria kaka na duka, mama yangu akipokea habari kwamba nimerudi shambani, mapacha na marafiki zao, mwenye nyumba. Nilifikiria kuanza upya, mwili huu, mahali nisipojua hata mtu mmoja. Kila kitu nilichokifikiria kilikuwa kweli.

"Nilishawaambia wenzangu kwamba tukija, tunakuja wanne," alisema. "Wametutengea nyumba."

Alitoa simu kwenye mkoba, akaanza kutafuta namba ili awape jibu. Hana haraka na simu, anaisogeza mbali na macho ili aone. Muda wa kusema hapana ulikuwepo, tena wa kutosha. Nilikuwa nimechoka. Nikamwacha apige.