Wimbo wa Mapasa Uliooshwa kwa Sabuni

Kabla sijaona mtu, nilisikia jembe. Jembe lisilo na mpini, likining'inia kwa kamba na kugongwa kwa kipande cha chuma, lina mlio mkali unaoruka ua na kuingia kwa jirani bila kubisha hodi. Nilikuwa bado nje, begi mgongoni, vumbi la barabara ya kutoka Lubumbashi limenijaa mpaka masikioni. Ua wa matete ulikuwa mrefu kuliko mimi. Nikasimama pale nikitabasamu peke yangu kama mjinga, nikingoja matusi.

Kwetu mapasa wakizaliwa hawapokelewi kwa pongezi. Wanawake wa ukoo hujipaka usoni pemba, ule udongo mweupe, wakaja wakiimba, na ndani ya wimbo humwambia mama wa mapasa yale yote ambayo siku nyingine wangengoja aende kuchota maji ndipo wayaseme. Baba naye hasalimiki. Watataja miguu yake, uvivu wake, na namna anavyotafuna. Watoto wawili kwa mara moja ni jambo kubwa mno, na jambo kubwa likisifiwa sana linaweza kutishika likaondoka. Kwa hiyo huchekwa, lizoee nyumba.

Nikangoja. Jembe lililia, makofi yakapigwa, na sauti ya shangazi yangu ikapanda juu ya ua: mama huyu ni mwema, mama huyu ni taa ya nyumba. Wenzake wakaitikia kwamba ni taa kweli.

Nilirudi hatua chache barabarani kuhakikisha sijakosea nyumba.

Sikuwa nimekosea. Ndani ya ua wanawake wote walikuwepo, nyuso nyeupe kwa pemba, wamejipanga kwa adabu kama kwaya inayomngoja askofu. Mbele yao alisimama shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba, aliyetulea mimi na kaka yangu, Tantine wetu. Alikuja Kamina kuolewa akitokea Kabongo, na mpaka leo anasema jina la Kabongo kwa sauti ambayo wengine huiweka kwa Roma. Kamina kwake ni kituo cha treni ambacho watu walisahau kuondoka.

Wifi yangu alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani, pasa mmoja kila mkono. Ni binti wa askari. Wazazi wake walitoka kaskazini, Ekwateri, ila yeye alizaliwa hapa hapa kambini, akakua kati ya watoto wa makabila yote, akizungumza Lingala na mama yake na Kiswahili na dunia nzima. Kaka yangu alimpata sokoni, akiuza maandazi. Uso wake siku ile ulikuwa wa mtu aliyealikwa harusini akapewa uji.

Kando yake, juu ya kiti pekee kizuri cha nyumba hiyo, alikaa mama yake mzazi. Amevaa kikwembe kipya, mkoba magotini, miguu imebanwa pamoja. Alikaa kama mtu aliye kwenye kituo cha treni, na kweli alikuwa safarini. Mumewe alikuwa amehamishiwa kambi nyingine, mbali. Siku hiyo hiyo walikuwa wanaondoka, na alikuja mjini kumchukua binti yake na wajukuu aende nao, "mpaka batoto baikale." Kila mtu Kamina anajua maana yake. Anayeondoka mpaka watoto waketi, hurudi watoto wakiwa wanajua kusoma, kama anarudi.

Nikasalimu, nikapiga makofi ya heshima, nikainama mbele ya mama mkwe wa kaka. Kisha nikamtafuta kaka mwenyewe. Nilimkuta nyuma ya jiko, amechuchumaa kati ya kuku, sahani ya bukari, ugali wetu, na sombe la majani ya muhogo mapajani.

"Unakula na kuku?" nikamuuliza.

"Nitafanya je? Mama mukwe iko mu lupango, mu ua pale mbele. Tangu aliingia juzi, minyi niko muntu wa huku nyuma."

Hilo nalo ni letu. Mwanaume hali mbele ya mama mkwe, hamtazami usoni, na wakikutana njiani mmoja hupita majanini. Kadiri unavyomheshimu ndivyo unavyomkwepa. Kaka yangu alimheshimu mno hata alikuwa amepungua.

"Yeye anajua kama ni heshima?"

Akamega bukari, akamtupia jogoo kipande. "Anajua wapi! Anasema niko na kiburi. Anamwambia bibi yangu: bwana yako hajakula na minyi hata siku moja. Na sasa Tantine naye anaimba ile wimbo ya kanisa. Dada, banakuya kumubeba. Minyi nikitoka kusema, navunja heshima. Nikikaa huku, batoto bangu banaenda."

Nilirudi mbele mbio. Wimbo ulikuwa umepumzika, wanawake wanakunywa maji. Nikapiga magoti karibu na wifi, nikajifanya naangalia vidole vya watoto.

"Utaenda?" nikanong'ona.

"Unasikia vile banaimba?" Hakupunguza sauti sana. "Banaimbia minyi kama Bikira Maria. Weye, nilipokuwa kadogo, kukiwa mapasa mu mji, tulikuwa tunatoka kambini kwa miguu, tunasimama inje ya lupango ya bantu, tunasikiliza vile banatukana mama ya mapasa. Tunacheka mpaka tunakaa chini. Minyi nilisema: siku moja nitazaa babili, na minyi batanitukana." Akamtazama mtoto wa kulia, kisha wa kushoto, kama anawaomba radhi. "Sasa njo hii? Taa ya nyumba? Mama iko na haki. Muntu mwenye hatukanwi, ule ni mugeni. Kama banamaliza wimbo vile vile, naenda naye."

Mama yake hakusikia yote lakini alisikia ya kutosha. Akapigapiga mkoba. "Mwana na ngai, moto inakuya sasa hivi." Yaani mwanangu, pikipiki inakuja.

Nilimwendea shangazi na moto wangu wote. Mimi ni mwandishi. Mjini Lubumbashi, Jumamosi, tunakaa vijana kwa vijana tukisomeana kurasa na kugombana juu ya asili, urithi, na nani mwenyeji wa nini. Nilimwaga yote hayo juu ya kichwa cha shangazi, pale kando ya pipa la maji. Nikasema mila isiyompokea anayekuja ni ukuta tu. Nikasema mtu huwa wa mahali kwa kupokelewa, si kwa damu peke yake. Nadhani nilitumia pia neno "utambulisho" zaidi ya mara moja.

Alinisikiliza hadi mwisho, maana ni mvumilivu. Kisha akanitoa jani la mti kichwani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Tantine."

"Mama yake iko pale pa kiti. Unamuona? Kutukana mutoto ya muntu mu macho ya mama yake, na ule mama njo mukwe ya mutoto wetu? Ku Kabongo hatufanyake vile. Bakubwa bataamuka mu kaburi. Heshima iko mbele."

"Lakini mwenyewe anataka kutukanwa!"

"Basi anza weye." Akanikabidhi kile kipande cha chuma. "Weye iko dada ya baba ya mapasa. Njo kazi yako, si yangu. Tukana, tusikie. Unaandikaka vitabu."

Wanawake waliposikia hivyo walisogea. Hakuna kitu kinachowafurahisha watu wa kwetu kama mtu aliyesoma akipewa kazi ya mikono. Nikagonga jembe mara chache. Nikafumba macho, nikakumbuka kwamba nimeandika hadithi nzima ambamo mume na mke wanatukanana sura baada ya sura. Nikaimba. Niliimba kwamba ewe uliyebeba mwezi tumboni ukadhani ni mmoja, ewe uliyefungua mkono mmoja ukapokea mito miwili.

Jembe likamaliza mlio wake. Kuku mmoja akasema neno.

"Anamutukana," akauliza bibi mmoja kizee wa ukoo, akiegemea fimbo, "ao anamuposa?"

Walicheka mpaka pemba ikapasuka mashavuni. Nilisikia kaka yangu akicheka nyuma ya jiko, msaliti. Hata mama mkwe alitabasamu kidogo, kisha akakumbuka kwamba yuko safarini na akafunga mdomo. Nami nilibaki nimeshika chuma, mwandishi mzima, nimeshindwa kumwambia mtu hata kwamba ana kichwa kikubwa.

Ndipo wifi yangu alipoinuka. Aliniwekea mtoto mmoja kifuani, wa pili akampa mama yake, akaninyang'anya chuma. Hakugonga kwa adabu ya shangazi. Aligonga kama mtu anayeita watoto waliochelewa kurudi nyumbani. Na hakuimba kwa Kiluba, lugha ya ukoo wetu, maana Kiluba chake ni cha sokoni, cha bei na salamu. Aliimba kwa Kiswahili chetu cha kila siku, na hakujitukana mwenyewe wala mumewe. Alimgeukia shangazi.

"Tantine wa Kabongo anafunga Kwaresima," aliimba, "na samaki ya Kinkondja inafunga pamoja naye, chini ya kitanda! Tantine anashika rozari, na rozari inanuka samaki!"

Wanawake wote walitazama kiti. Mama mkwe alikuwa amemkumbatia mjukuu kama mtu anayemkinga na mvua. "Mwana na ngai!" alisema. "Unatukana Tantine ya bwana yako?"

Shangazi alifungua kikwembe chake kiunoni, akakifunga upya, taratibu. Huwa anafanya hivyo kabla ya kuimba beti ngumu kanisani.

"Nani alikuambia?" aliuliza.

"Nani ataniambia? Njo minyi nafagia mu chumba yako."

Shangazi akanyoosha mkono, akadai chuma. Nilidhani atampiga nacho. Aligonga jembe, na sauti iliyotoka haikuwa ile iliyooshwa kwa sabuni. Ilikuwa sauti ya Kabongo.

"Na weye mama ya mapasa! Bukari yako iko na mabonge, tunatafuna kama mawe ya reli! Usiku unakoroma mpaka treni inasimama, inafikiri ni mwenzake! Mutoto mumoja alikuwa analala mu tumbo, akasikia ile kelele, akaamuka, akaamusha ndugu yake, njo tuko na babili!"

Ua ulipasuka. Kila mmoja alikuwa na lake, na inaonekana yalikuwa yamengoja muda mrefu. Mmoja aliimba juu ya sombe aliloliunguza siku ya Noeli. Mwingine akaimba namna anavyomfukuza mbuzi kwa Lingala, na mbuzi anakataa kutoka kwa sababu ni mbuzi wa kwetu. Wifi alijibu kila tusi kwa tusi, akicheza, jasho likimtoka, maziwa yamelowesha blauzi yake na hajali. Kaka naye walimtukana, mkubwa wa kuku, waziri wa nyuma ya jiko, na yeye akapiga makofi huko huko alikojificha kuonyesha kwamba amepokea. Mimi pia nilipata langu, kwamba nimekwenda kusoma na kurudi na mito miwili na bila bwana. Pasa niliyembeba alilala fofofo kama anayeimbiwa zaburi.

Mama mkwe aliangalia yote kutoka kwenye kiti. Mwanzoni kama anayeangalia moto. Kisha nikaona macho yake yanawafuata wanawake mmoja mmoja, kila anayepita mbele yake akitukana anainama, anapunguza sauti, anapita akiwa ameshika magoti, kisha mbele kidogo anainuka na kuanza tena. Alilitazama hilo kwa muda. Wifi alipokuja kumchukua mtoto, alimshika mkono.

"Na minyi? Mbona minyi habaniimbie kintu? Hata kidogo?"

Wifi akacheka mpaka akajishika tumbo, maana bado lilikuwa linamuuma.

"Mama. Weye iko mugeni."

Mama alimtazama. Nililiona neno hilo likiingia ndani na kutafuta mahali pa kukaa.

"Donc, kumbe weye..."

"Minyi hapana, Mama."

Pikipiki ilipiga honi upande wa barabara. Hakuna aliyesema "haraka". Mama alinyanyuka, akanyoosha kikwembe, akamwomba binti yake amwonyeshe mumewe alikokuwa. Wifi akamwelekeza kwa kidevu. Mama alikwenda mpaka pembe ya jiko, akasimama upande huu wa ukuta, na kwa makusudi akageuza uso wake kutazama mashamba.

"Mukwe," aliuambia upepo, "ninaenda. Kula muzuri. Kiti yako inabaki."

Kutoka nyuma ya ukuta yalisikika makofi, ya kiganja kilichokunjwa, mazito, mengi kuliko yanayohitajika. Kaka yangu alikuwa amepiga magoti, nilimwona, na kuku wamemzunguka.

Kisha tukaingia ndani kuchukua mizigo na kutokea huko, kwa maana mlango wa nyumba ndio unaotazama barabara. Nilibeba kapu, wifi akabeba watoto, wote wawili, hakutaka kusaidiwa. Shangazi alileta samaki mkavu aliyefungwa kwa gazeti, akamtia mama mkononi bila kutazama mtu yeyote, na hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Mama aliwapumulia wajukuu juu ya vipaji vya nyuso, akamwambia binti yake jambo refu kwa Lingala ambalo sikulielewa na sikutafsiriwa. Akamgusa shavu.

"Nguvu ya kutukana uliitoa wapi?" alimuuliza mwishoni, kwa Kiswahili, ili sote tusikie.

"Kwako, Mama."

"Hapana. Minyi niko muntu wa adabu." Akapanda pikipiki, akajifunika kichwa kwa kitambaa, akamgonga dereva begani.

Wifi alisimama kizingitini mpaka vumbi likashuka. Halafu, kwa kuwa mikono yake yote ilikuwa na watoto, akausukuma mlango kwa nyonga, ukafungika.