Fataki Zilizosubiri

Fataki ya risasi haizidi ukubwa wa punje ya mbaazi. Ni kikombe kidogo cha shaba kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda, na ndani yake mna unga mkavu unaolipuka ukigongwa. Pini ya bunduki huigonga, fataki hutema ulimi wa moto ndani ya ganda, baruti hushika, risasi hutoka. Yote hayo hutokea kabla sikio halijaweza kutenganisha moja na jingine. Nimeona niyaeleze mwanzoni kwa sababu yaliyompata kaka yangu yalitokea katika upenyo uliojitokeza kati ya pini na mlio, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na upenyo wowote.

Kuchagua fataki nilijifunza Geita, miaka ya mwanzo ya hamsini, nilipokuwa karani wa mpima ardhi Mzungu mgodini, kabla sijaenda chuo kikuu. Jumapili wenzake walipokwenda kunywa, yeye alisimamisha bamba la chuma upande wa pili wa bonde, hatua mia sita, akalala kifudifudi na kupiga shabaha hadi jioni. Risasi alizitengeneza mwenyewe kwa maganda yaliyokwisha kupigwa, nami nilimsaidia mezani. Alinifundisha kwamba kwa hatua mia moja fataki yoyote itafaa, lakini kwa hatua mia sita ile iliyo dhaifu huishusha risasi dhiraa nzima chini ya shabaha. Kwa hiyo tulichukua fataki chache katika kila kopo, tukazipachika kwenye maganda yasiyo na baruti wala risasi, kisha tukazipiga ndani ya stoo iliyofungwa madirisha. Kopo lililotoa moto mweupe na mfupi tulilikubali. Lililotoa moto mwekundu wenye kusuasua tulilikataa lote. "Usitazame tu," aliniambia, "sikiliza." Nikasikiliza miezi mingi, mpaka nikaweza kulitambua kopo bovu nikiwa nimefumba macho. Alipoondoka nchini aliniachia vyombo vyake na makopo manne ya fataki.

Kaka yangu alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma na kuwa askari wa Bwana Nyama, jina tulilompa afisa wa wanyamapori. Kazi yake ilikuwa kuua wanyama waliovamia mifugo na mashamba katika vijiji vilivyo kati ya kwetu na Mwakitolyo. Risasi alizopewa zilikuwa chache mno, kwa hiyo niliporudi likizo yangu ya kwanza kutoka chuoni na kuanza kumtengenezea nyingine kwa maganda yake ya zamani, Bwana Nyama alifumba macho. Ganda likipigwa mara nyingi, tundu la fataki hulegea kidogo. Niliona kwamba ya kaka yamelegea, nikaona si neno.

Mwaka ule simba dume mmoja alikuwa akila ng'ombe kandokando ya lambo letu. Kisha akamuua mchungaji, baba wa watoto watatu, jua likiwa utosini, mbele ya kundi zima la ng'ombe ambao, kwa maelezo ya waliofika, hawakukimbia. Walikutwa wamesimama wakiuzunguka mwili, vichwa vyote vimeelekea ndani.

Hakuwa simba wa kusogelewa. Mbuga yetu ni tambarare, udongo mweusi na nyasi zilizoliwa na mifugo. Mtu akisimama huonekana kama mlingoti. Njia pekee ilikuwa kulala juu ya mawe makubwa yaliyo mashariki ya lambo na kumpiga kutoka huko, zaidi ya hatua mia tatu, anapopita asubuhi akielekea kwenye nyasi ndefu za bondeni.

Mara ya kwanza nilikuwa nimelala ubavuni mwa kaka. Simba alitokea, akatembea polepole ukingoni mwa maji kama mwenye shamba anayekagua mipaka. Kaka akavuta kifyatulio. Nikasikia pini: ta. Halafu hapakuwa na kitu. Katika kimya hicho nilisikia maji ya lambo yakigusa udongo, jambo lisilowezekana kwa umbali ule. Ndipo bunduki ikalia, na vumbi likaruka nyuma ya mkia wa simba, naye akaingia katika nyasi bila kuharakisha hatua.

"Umesikia?" kaka aliuliza.

"Nimesikia."

"Imengoja."

Siku nyingine ikangoja tena. Mara ya tatu haikulia kabisa, na ile risasi bubu kaka akaitoa na kuishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota kiwavi.

"Tena yule simba hugeuka," aliniambia. "Pini ikigonga, kabla ya mlio, hugeuza kichwa akanitazama."

Nilimjibu kwamba simba hawezi kusikia pini kwa hatua mia tatu. Lakini nami nilikiona kichwa kikigeuka, mara zote mbili bunduki ilipongoja, na mpaka leo elimu yangu haijanipa maelezo yanayoniridhisha.

Nilirudi nyumbani nikafanya nilivyofundishwa. Nilijifungia katika ghala la mama, nikapiga fataki kumi kutoka katika kopo lilelile. Zote zilitoa moto mweupe, mfupi, wa papo hapo. Nikapiga kumi nyingine. Mambo yakawa yaleyale. Ndani ya nyumba zilisema, mbele ya simba zilinyamaza. Nilikaa gizani na harufu ya moshi, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kusoma nilihisi kwamba kuna mtu anayenifanyia mzaha.

Shemeji yetu, mume wa dada, ndiye aliyekuwa akifuata nyayo pamoja na kaka, na utani wake haukujua msiba. Jioni ile, mbele ya majirani waliokuja kuuliza habari, alisema, "Bunduki ya shemeji ina adabu kupita kiasi. Inamwamkia simba shikamoo, halafu inangoja marahaba."

"Siku akiitikia, wa kwanza kukimbia ni wewe," kaka akamjibu.

"Mimi? Utakapokuwa unageuka kunitafuta, nitakuwa Maganzo nakunywa chai na wachimba almasi."

Watu walicheka. Kisha mwanamke mmoja, ndugu wa yule mchungaji, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chumvi, "Yule si simba wa porini. Ana mwenyewe." Kicheko kikakatika, wakaanza kuaga mmoja mmoja.

Walipoondoka kaka aliniambia jambo ambalo hakuwa amelisema mbele yao. "Nikimkosa kwa mbali si kitu. Lakini siku atakayonijia mbio, bunduki ikingoja, nimekwisha. Hiyo ndiyo hesabu yote."

Usiku sikulala vizuri. Kulipopambazuka niliichukua ile risasi bubu, nikaifungua, nikaitoa fataki yake na kuitazama chini ya lenzi. Unga uliopaswa kuwa mkavu ulikuwa umelowa, wa manjano, unanata. Nikaunusa. Ulikuwa na harufu ya mafuta ya kondoo, na nyuma yake uchungu wa mizizi fulani.

Nilitoka uani. Mama alikuwa ameketi karibu na moto wa asubuhi, mkanda wa risasi wa kaka umelala mapajani mwake. Pembeni palikuwa na kigae chenye mafuta yaliyoyeyushwa. Alichovya kidole gumba, akakikandamiza kwenye kitako cha risasi, juu ya fataki hasa, akanong'ona, akaenda kwenye nyingine.

"Shikamoo, mayu," nilimwamkia mama.

"Marahaba. Msomi leo umewahi."

"Unafanya nini?"

"Unachofanya wewe. Namlinda." Hakuacha kupaka. "Wewe una vikopo vyako, mimi nina hiki."

"Mafuta yanaingia ndani, mama. Yanaziharibu."

"Alipokwenda Burma niliupaka mkanda wake wa suruali. Alirudi, hakurudi?"

"Alirudi."

"Basi." Akachovya tena. "Na usimwambie mwenzio kwamba umeniona. Anajua, lakini tukimtamkia dawa inakufa."

Sasa najua nilipaswa kufanya nini. Nilipaswa kwenda kwa kaka saa ileile, nimwambie: bunduki haina jini, ni mafuta, yanapenya kwenye matundu yaliyolegea. Sikwenda. Nilijiambia kwamba nitamvunjia mama heshima, nitamvunjia kaka moyo, na kwamba kijana aliyesoma anaweza kulimaliza jambo hili bila kumuumiza mtu. Nilimwomba kaka mkanda kwa kisingizio cha kusafisha maganda, nikatengeneza risasi kumi upya, na kuizunguka kila fataki kwa utepe mwembamba wa lakiri niliyoiyeyusha katika spiriti, ili mafuta yasipate pa kupitia. Kisha nikaurudisha mkanda mahali pake. Mama akaendelea kupaka dawa yake kila alfajiri, nami nilimtazama nikiwa na furaha ya siri. Niliamini nimeipatanisha nyumba yetu bila yeyote kujua kwamba ilikuwa imegombana.

Siku zile tatu nilimwona kaka akilala juu ya mawe na bunduki tupu, akiwafuata kwa shabaha mbuzi wa jirani waliokuwa wakipita. Mtutu haukumfuata mbuzi mwenyewe. Ulitangulia, dhiraa moja mbele ya kifua chake, na midomo ya kaka ilikuwa ikihesabu. Nilidhani anajituliza.

Siku ya nne simba alitoka. Asubuhi ilikuwa haina upepo, na ndege wa lambo walikuwa kimya. Alipita ukingoni kama kawaida yake. Kaka alivuta pumzi, akavuta kifyatulio, na bunduki ikalia papo hapo, kwa ghafla iliyonifanya nishtuke kana kwamba mtu amepiga kelele sikioni mwangu. Simba hakugeuka kututazama. Siku ile peke yake hakugeuka. Aliangukia kifua, mguu wake wa mbele umevunjika, akainuka, akajikokota hadi kwenye nyasi ndefu.

Kaka aliitazama bunduki yake kama mtu anayemtazama rafiki aliyesema neno asilostahili kulisema.

Ndipo nikaelewa. Alikuwa amejifunza kuusubiri ule upenyo. Alikuwa amelenga mbele ya simba, mahali ambapo moyo wa mnyama ungekuwa umefika risasi itakapoamua kutoka. Nami nilikuwa nimeuondoa upenyo bila kumwambia.

Simba aliyejeruhiwa hakuachiwa wachungaji. Hiyo ilikuwa sheria ya kazi ya kaka. Kaka aliingia katika nyasi, shemeji na mimi tukiwa nyuma hatua ishirini. Shemeji hakuwa na utani tena. Tulisikia nyasi zikitembea upande wa kushoto, kisha upande wa kulia, ingawa simba alikuwa mmoja na mwenye miguu mitatu. Aliporuka, alitokea mahali ambapo sote tulikuwa tumekwisha kupatazama. Bunduki ililia mara moja, bila kungoja, na wote wawili wakaanguka. Tulipomfikia simba alikuwa amekufa juu ya kaka, na mkono wa kushoto wa kaka ulikuwa bado kinywani mwake.

Naweza kujitetea kwamba lakiri yangu ndiyo iliyoifanya risasi ile ya pili itoke kwa wakati, na kwamba kwa fataki zenye mafuta angekufa. Nimejitetea hivyo kwa miaka mingi. Lakini kwa fataki zenye mafuta huenda risasi ya kwanza ingepita moyoni, na pasingekuwapo haja ya pili.

Katika hospitali ya misheni walimkata mkono juu ya kiwiko. Mama alilala chini kando ya kitanda, akiwaambia wauguzi kwamba dawa yake imemwokoa, kwa kuwa simba alikuwa ameilenga shingo. Siku ya tano homa iliposhuka, mama akiwa nje anafua, nilikaa kumlisha kaka uji. Alimeza vijiko viwili, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini haikungoja?"

Nikamwambia. Nilimweleza juu ya mafuta, tundu lililolegea, lakiri, yote, kwa utaratibu ule niliozoea kuandikia majibu ya mitihani. Alisikiliza akitazama dari.

"Ulijua lini?"

"Siku tatu kabla."

Aliyatoa macho darini, akanitazama.

"Siku tatu," alisema, "tumekula sahani moja."

Kisha akaniomba nimwite mama aje amlishe, ingawa kijiko kilikuwa mkononi mwangu.