Blanketi ya Viraka ya Kwenda Butere

Jumamosi, tarehe saba Agosti. Asubuhi ukungu, kisha jua kidogo, na tangu saa nane mvua haijapumzika.

Binti wa jirani alikuja leo na blanketi anayoishona mwenyewe kwa cherehani ya stima. Imejikunja vibaya upande mmoja, akaniuliza kosa liko wapi. Nikamwambia aanzie katikati. Jibu lilinitoka haraka mno kwa mtu ambaye si fundi, na tangu aondoke nimekuwa nikijiuliza nililipata wapi. Nadhani najua. Ukiona nimekosea mahali, nivumilie, nilikuwa mdogo.

Ilikuwa miaka ya tisini, nyumbani kwetu nje ya mji wa Kakamega. Dada yangu alikuwa ameitwa shule ya bweni kule Butere, na Jumatatu alitakiwa afike na blanketi. Ya dukani haikupatikana. Mama alikuwa akishona sare za shule, kwa hiyo mabaki ya vitambaa yalijaa chini ya kitanda chake, bluu, kijani na maruni. Akasema atashona blanketi ya viraka. Dada akasema sawa, lakini kama ni ya kuchekwa na wasichana wenzake, yeye haendi shule.

Jumamosi hiyo tulitandaza vitu vyote sakafuni. Chini shuka kuukuu, katikati blanketi ya babu iliyochakaa, juu viraka ambavyo Mama alikuwa ameviunganisha. Nyanya akapiga bandi, ile mishono mirefu ya mkono ya kushikilia kwa muda. Sakafu ilikuwa imesiribwa upya, bado inanuka samadi mbichi, na jikoni maharagwe yalikuwa yanachemka. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya cherehani na kubeba uzito wa blanketi, isije ikavuta sindano.

Mama alianzia pembeni, kama anavyoanza sketi. Alikanyaga ile cherehani ya miguu kwa kasi yake ya kila siku, mstari baada ya mstari. Alipokaribia upande wa pili, viraka vilikuwa vimesukumwa mpaka vikafura.

Nyanya akaweka kikombe chini. "Mwanangu, hii blanketi iko na mimba."

"Mama, usinicheke."

"Sicheki. Nauliza tu baba ni nani."

Mimi nilicheka. Dada hakucheka. Akasema, "Mimi siendi na hiyo," akatoka kuchambua mboga chini ya dirisha.

Jirani wetu, mwanamke aliyeolewa kutoka Mumias na aliyeshonanga mablanketi ya namna hii kwao, akapiga hodi wakati huohuo. Akaitazama bila kuketi.

"Umeanzia pembeni, mama. Meno ya chini ya cherehani yanavuta shuka, na hiki chuma cha juu kinakanyaga viraka, vinabaki nyuma. Sasa hiyo inayobaki iende wapi? Anza katikati, uende nje upande huu, kisha ule."

"Mimi nashonanga tangu sijaolewa."

"Najua. Sare zako nazisifu mpaka sokoni. Lakini hii si sare."

Niseme haki ya wote wawili. Kitambaa kimoja ukikianzia pembeni hukosei, na Mama hakuwahi kushona kitu kizito namna ile. Jirani naye alikuwa sahihi, ingawa angeweza kungoja watoto watoke.

Kulikuwa na njia ya mkato: kukunja ule uvimbe, kuupitishia mshono na kuuacha hapo. Mama aliushika hivyo kwa vidole, akautazama, akatazama dirisha. Halafu akachukua wembe akaanza kufumua yote.

Mara ya pili alikunja pande zote mbili kama mikeka, ikabaki njia nyembamba katikati ya kupitia sindano. Akalegeza skrubu ya juu ili kile chuma kisikanyage sana, akarefusha mshono, akaweka viganja bapa huku na huku, wala hakusukuma. Cherehani ilitoa sauti nyingine, ya polepole. Kuku walipoanza kuingia ndani, kingo zilikuwa bado, lakini blanketi ilikuwa imelala vizuri.

Dada akaipapasa yote kwa kiganja, akitafuta uvimbe. "Kando hapajashonwa."

"Patashonwa ukija likizo."

"Nitashona mwenyewe."

Sijui kama alisema kwa hasira. Jumatatu blanketi ilifungwa kwa kamba ya katani juu ya sanduku lake, akaenda nayo.

Nyanya na Mama hawapo tena. Cherehani ilienda kwa fundi mwingine, na mablanketi ya siku hizi ni mepesi na yana joto. Siwezi kuyasema vibaya. Ninachokosa labda ni ile sauti ya polepole, na mtu wa kubishana naye juu ya mshono.

Nimempigia dada simu. Anasema hakuwahi kusema haendi. Nimeandika ninavyokumbuka mimi, na naandika neno lake pia. Nikamuuliza basi anakumbuka nini.

"Nilikuwa chini ya dirisha na mboga," akasema. "Nikasikia wembe unakata uzi. Nikaanza kufikiria nguo za kupakia."

Jioni tumekula obusuma, ugali wa kwetu, na mboga ya mrenda, na omena kidogo.