Miaka Miwili ya Shemeji

Mdogo wangu aliolewa na Mfaransa, mwashi wa miaka hamsini na mitano mwenye magoti mabovu. Siku rais wao alipopandisha umri wa kustaafu kutoka miaka sitini na miwili hadi sitini na minne, mdogo wangu alinipigia simu akilia. Nilikuwa Stafford, mji wa ughaibuni ninakoishi, kwenye maegesho ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nakula wali wangu ndani ya gari.

"Dada, wametuibia miaka miwili," alisema. "Tulishapanga kuhamia kijijini kwao, mume wangu afuge kuku."

Nilipaswa kumpa pole, lakini nilimwonea wivu. Mwenzangu wa zamu ana miaka sabini na mmoja, na bado anawageuza wazee vitandani kwa mikono yake. Hakuna aliyewahi kuandamana kwa ajili yake kama walivyokuwa wakiandamana huko Ufaransa.

"Miwili tu?" nikamjibu. "Na likizo zenu ndefu mmeachiwa?"

Akasema taratibu kwamba baba mkwe wake, naye mwashi, alikufa miezi minne tu baada ya kustaafu.

Nilimwomba radhi, akanisamehe. Jumamosi alinitumia picha: shemeji yuko barabarani katikati ya umati, ameshika bango, anacheka na majirani zake. Niliitazama kwa muda mrefu. Hata hasira yao niliionea wivu, kwa sababu walikuwa nayo pamoja.

Nikamwandikia, "Mwambie apumzishe magoti." Sikuweza kuandika zaidi ya hapo.