Babu Alipoitaka Kamba ya Bosi

Usiku ule nililala na hasira. Mchana wake Eliya, fundi anayenyoa mbwa nyuma ya duka la dawa za mifugo, alinionyesha mkono wake uliofungwa bandeji akaniambia, "Dada Zawadi, kesho namjaribu Bosi mara ya mwisho. Akining'ata tena, muite daktari wa mifugo aje na ile sindano ya kummaliza. Jirani zako nao wameshachoka naye."

Bosi ni mbwa wa marehemu babu yangu. Ana manyoya marefu yanayosokotana mpaka yanavuta ngozi, na asiponyolewa vidonda vinamtoka chini ya manyoya hayo. Akinyolewa, anauma. Mimi sina subira hata na watu, sembuse mbwa, lakini huyu ndiye aliyebaki wa babu, na nilikuwa naogopa kumpoteza.

Basi nikaota niko kwa Eliya. Ni mchana, jua kali, lakini ndani kuna baridi ya wodini. Bosi amesimama juu ya meza, mdomo umefungwa asiume. Eliya amenipa mgongo, mashine inanguruma, manyoya yanaanguka. Mara naona ni mengi mno. Yananifika kwenye vifundo vya miguu, yananifika magotini, na Bosi bado hajapungua hata kidogo. Nikamwita Eliya. Hakugeuka.

Kwenye benchi la wateja alikuwa amekaa babu.

Alivaa koti lake la kahawia, lile tulilomvalisha siku ya kumpeleka hospitali. Nikasema, "Shikamoo, babu." Hakuitikia. Maisha yake yote hakuwahi kuninyima marahaba, nikajua nina kosa.

"Huyu umemleta vipi hapa?" akaniuliza.

"Nilimwambia twende tukatembee."

Na kweli ndivyo ninavyofanya kila mara. Naliimba jina lake, namtikisia kamba, anarukaruka kwa furaha mpaka kwenye kona ya kwa Eliya, halafu namburuta. Siku hizi nikigusa tu ile kamba anakimbilia chini ya kitanda. Nilikuwa namwona mjeuri.

Babu akatikisa kichwa, na lile benchi likawa kiti cha nyuma cha teksi. Niko naye, kama siku ile. Ukoo mzima ulikubaliana babu asiambiwe kuwa anakwenda kulazwa, nikachaguliwa mimi nimdanganye kwa kuwa aliniamini kuliko wote. Nilimwambia, twende ukaote jua kidogo, babu. Sasa teksi inapita geti la hospitali, halafu inalipita tena, halafu tena, na kila tukilipita babu anaushika mlango kwa vidole vyote, haongei. Siku ile pia hakuongea. Alifariki siku ya tatu, uso ameuelekeza ukutani.

"Nilijua tangu getini," akasema. "Ningeambiwa, ningekwenda."

Nilitaka kumwomba msamaha, teksi ikatoweka. Tukawa tena kwa Eliya, na Eliya mwenyewe hayupo. Babu ameichukua mashine mezani, ameiweka sakafuni, imezimwa. Bosi ameshuka, mdomo wake umefunguliwa, anainusa. Babu anamshika mguu wa mbele na kuuachia kabla Bosi hajauvuta. Anaushika tena, anauachia. Mara ya tatu Bosi anampa mwenyewe, bila kuombwa. Nilitaka kucheka kwa furaha.

Hapo mlango nyuma yangu ukajifunga, na mngurumo ukaanza upya. Mashine bado imezimwa pale sakafuni. Sauti inatoka nje, inaizunguka nyumba, kila ikizunguka inakaribia zaidi. Bosi akalaza masikio. Babu akanyoosha mkono.

"Kama huwezi kumwambia anakokwenda, nipe hiyo kamba. Nitamchukua mimi."

Tangu utotoni tumeambiwa kwamba marehemu akikuomba kitu ndotoni, usimpe. Lakini Bosi alikuwa anatikisa mkia, anamfuata, na kamba inateleza kiganjani mwangu. Nikavuta. Babu naye akavuta, kwa nguvu ambazo hakuwa nazo hata alipokuwa mzima. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuja kuchukua kilicho chake.

Nikapiga ukelele. "Babu, nitamwambia! Wallahi nitamwambia!"

Niliamka nimekunja ngumi, shuka limelowa jasho, kumekucha. Nikatega sikio. Kimya. Nikainama chini ya kitanda, na nilipomwona Bosi anapumua nilimshukuru Mungu kwa sauti. Hata uso sijanawa, nikampigia Eliya. Nikamwambia tunakuja, ila leo hanyoi. Aiweke mashine chini, imezimwa, Bosi ainuse, turudi nyumbani. Kesho hivyo hivyo, na keshokutwa.

"Kunusa?" akasema. "Mpaka lini, dada?"

"Mpaka azoee. Vile vidonda nitavipaka dawa mwenyewe."

Aliguna weee, mwisho akasema njooni.

Nikarudi chumbani, nikapiga magoti. "Bosi," nikamwambia kwa sauti yangu ya kawaida, bila kumwimbia, "leo hatwendi kutembea. Tunakwenda kwa Eliya."

Jina hilo analijua. Alitetemeka mwili mzima, mkojo ukamtoka pale pale sakafuni. Sikumfokea. Nilikaa chini kando yake nikalia, kwa sababu babu naye angeogopa hivyo hivyo kama ningemwambia, na mimi ningekuwa nimekaa naye.