Jibu Linalotarajiwa

Siku yangu ya kwanza kazini mjini Baraka, upande wa Kongo, hakuna aliyeniuliza kama najua kufundisha. Niliulizwa fishi. Nilikuwa nimevuka ziwa kutoka Kigoma kumfuata mume wangu, na shule moja ya msingi ikanichukua kwa mwaka mmoja wa majaribio. Chaki mkononi, watoto sitini wananikodolea macho, na direkteri, mkuu wa shule, amesimama mlangoni.

"Mama Mwalimu, fishi yako iko wapi?"

"Fishi ndiyo nini, Bwana Direkteri?"

"Eh! Kule kwenu munafundishaka na kinywa tu?"

Nyinyi vijana mnaoanza sasa mnaijua: karatasi ya maandalizi ya somo. Unaiandika nyumbani, direkteri anaitia saini asubuhi kabla hujaingia darasani. Kushoto swali la mwalimu. Kulia, jamani, jibu linalotarajiwa la mwanafunzi! Mtoto bado yuko kwao anakula muhogo, mimi nishamjibia. Masomo sita kwa siku, mpaka kidole kikaota sugu.

Na watoto hawakujibu hivyo hata siku moja. Niliandika kwamba ndagala, yule dagaa wetu wa ziwani, anaishi majini. Darasani akasimama Riziki, binti wa muuza samaki: "Ndagala anaishi kwa muchanga, Mwalimu. Mama anamwanikaka pale." Utamwambia nini?

Mwaka ukielekea mwisho nikachoka. Nilichoka kweli kweli, sitanii. Nikaanza kuandika kulia yale niliyojua watajibu. Swali: Direkteri anafanya kazi gani? Jibu linalotarajiwa: Anasinziaka kwa biro. Direkteri akatia saini humo humo biro, ofisini kwake. Wiki nzima alitia saini bila kusoma hata mstari mmoja, nami nikazidi kunogewa.

Ndipo akaja enspekta, mkaguzi wa shule, kutoka Fizi kuamua kama nabaki. Mume wangu alikuwa mgonjwa kitandani, hawezi safari ya boti kurudi Kigoma, na Baraka yote hakuna shule ambayo ingemchukua mgeni aliyefukuzwa. Enspekta akakaa dawati la nyuma, akaomba fishi zangu. Huyo alikuwa anasoma.

"Mama Mwalimu, hii ni nini? Na weye Direkteri, umetia saini?"

Direkteri akaisoma kwa mara ya kwanza. "Mi nasinziaka? Mi?"

Niliogopa, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Mwaka mzima wa kujibia watoto wa watu! Nikasema, "Bwana Enspekta, fishi inataka jibu ninalolitarajia. Ndilo hilo. Waulize."

Akawauliza. Watoto sitini wakatazama sakafu, na direkteri amewasimamia pale pale. Nikajua nimekwisha. Kisha Riziki akasimama, mikono nyuma kama nilivyomfundisha.

"Anasinziaka kwa biro."

"Ndiyooo!" darasa zima likaitikia.

Enspekta akachukua kalamu. "Miaka yangu yote ya kazi," akasema, "ni mara ya kwanza mutoto anajibu vile iliandikwa." Kwenye ripoti akaandika kwamba lengo la somo limefikiwa. Nikabaki.

Lakini wapi! Tangu siku hiyo direkteri alisoma kila neno, kila asubuhi, na kila jibu la kweli akalikata kwa wino mwekundu. Adhabu gani ile! Nikarudi kuandika majibu mazuri ya fishi, na yale ya watoto nikayaweka kwenye daftari nyumbani, nikiyapa majina mengine na vijiji vingine. Ndiyo yakawa hadithi, na hadithi zikawa vitabu.

Sasa nimestaafu. Vitabu vyangu vinawachekesha watu toka Kazimia, upande huu wa ziwa, hadi ng'ambo kwetu Kigoma, na kila ninayekutana naye lazima aniulize ninautoa wapi uongo ule. Uongo? Uongo uko shuleni, kwenye kabati la direkteri: fishi za miaka ishirini na miwili, ambamo hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kukosea. Zote niliziandika mimi, na zote zina saini.