Mkono Uliolaza Pombe

Nikiwa bado mdogo, pale kwetu Baraka, hakuna kitu nilichokiogopa kama mutungi wa koko. Watoto wenzangu waliogopa mamba wa ziwani. Mimi niliogopa chombo cha udongo kilichokaa kimya kwenye kona ya jiko. Chekeni tu, lakini ngojeni kwanza niwaeleze.

Koko, mama yake baba, alitengeneza kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na mtaa mzima ulimjua kwa kazi hiyo. Ikishachemka hakuimimina moja kwa moja kwenye bidoni, yale madumu ya plastiki, kama wafanyavyo wenye haraka, bidoni zikavimba matumbo njiani. Aliikusanya yote katika mutungi mmoja mkubwa, akaufunika kwa majani ya mgomba na kuziba ukingo kwa udongo, ikalala humo mpaka itulie. Kabla ya kuziba aliinama akainong'oneza: "Mi nimekulaza, mi ntakuamusha."

Maana kwetu mkono uliolaza pombe ndio unaoiamsha. Mwingine akithubutu, si pombe inayoharibika. Anayeharibika ni yule aliyeilaza, hainuki tena kitandani. Jirani yetu mmoja aliugua, wakamwana zake wakafungua mutungi wake kwa sababu wageni walikuwa wamefika. Mama wa watu alizikwa bidoni zikiwa bado na pombe. Hiyo sikusimuliwa, niliiona kwa macho yangu.

Mimi naitwa Mauwa kwa sababu koko aliitwa Mauwa. Alinipenda mno, na jina hilo alilitumia vizuri. Akichoka kwenda kuchota maji alisema, "Ende wewe. Wewe si ni mi?" Nami nilikwenda mbio, kichwa kimenivimba kwa sifa.

Basi shangazi Feza, mtoto wake wa mwisho, akaposwa na kijana wa Kazimia. Wakwe wangekuja kwa mashua siku ya Jumamosi, na kuwapokea bila kasiksi ni kuwatukana. Koko akalaza mutungi uliojaa hadi shingoni. Halafu, kabla siku ya kumimina haijafika, malaria ikamwangusha. Walimpeleka hospitali ya Nundu, kwa kuwa dada yake alikaa kule na angemuuguza. Alipanda moto, yaani pikipiki, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa baba mudogo ili asianguke, na mimi niliifuata ile moto nikilia hadi vumbi likanificha.

Ijumaa mutungi ukaanza kusema. Ukitega sikio ulisikia ndani kunafukuta, na udongo wa ukingoni ukapata ufa. Ikilala zaidi, itakuwa siki. Shangazi Feza alikaa kwenye kizingiti cha jiko, kitambaa cha kichwa kimeanguka.

"Bakwe banakuya kesho," akasema. "Tutabapa nini? Maji ya ziwa?"

Lakini hakugusa. Naye alimpenda mama yake. Mimi niliegemea mutungi kwa mgongo na kumwambia kila aliyeingia, hata baba: "Muntu asiguse!" Hakuna aliyenichapa. Nadhani kila mmoja alishukuru kwamba mtoto alisema neno lililokuwa moyoni mwake.

Simu wakati ule zilikuwa za watu wachache, kwa hiyo baba mudogo alikuwa amewasha moto yake asubuhi aende kumuuliza koko mwenyewe. Alirudi mchana, mwekundu kwa vumbi, akaniita mbele ya wote.

"Mama amesema muntu iko na jina yake afungue. Mukono ya Mauwa ni mukono ya Mauwa."

"Amesema vile kweli?" nikauliza.

"Kweli kabisa."

Ole wangu! Niliubandua ule udongo huku nikisema kwa sauti, "Koko, ni wewe unafungua, si mi." Harufu tamu ikapanda, povu likanirukia mkononi, na bamama wakapiga vigelegele wakileta bidoni na mirija. Kesho yake wakwe walikunywa, wakacheza, wakasifu. Mimi sikula chochote. Nilikaa kando ya njia ya Nundu nikisikiliza kila moto iliyopita.

Siku koko aliporudi akashuka kwenye moto, amekonda, kitenge kinamzunguka mara nyingi kuliko zamani, neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Nani alifungua mutungi yangu?"

Baba mudogo akaanza kukagua viatu vyake.

"Mama, moto ilinikufia njiani," akasema. "Sikufika Nundu."

Niliposikia hivyo nilipiga kelele na kumshika koko miguu kwa nguvu zangu zote, maana niliona sasa hivi ataanguka, na mimi ndiye niliyemuua. Yeye alinitazama, akamtazama mwanawe, kisha akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

"Muongo mukubwa wewe! Basi ni mi nilifungua. Na niko hapa, munaniona."

Tangu hapo hakulaza pombe bila mimi. Aliweka mkono wangu juu ya majani, wake juu ya wangu, na uongo wa baba mudogo ukawa desturi ya nyumba yetu.

Koko alifariki mwaka jana, mzee kabisa, kitandani kwake. Jikoni aliacha mutungi ambao tuliulaza pamoja, na waliokuja kuzika walihitaji kunywa. Ndugu zangu walinigeukia. Watu huniuliza kama mimi, niliyesoma, ninaamini mambo hayo. Kwa kweli sijui. Najua tu kwamba niliinama juu ya ule mutungi, maneno yangu ya utotoni, yale ya "ni wewe unafungua", yakaja mdomoni, na sikuweza kuyasema. Nikaubandua udongo polepole.

"Koko," nikamwambia, "leo ni mi."